Mega tunalipa, kazi iko wapi?

Vijana wa Nyakabere, wa Uvira, toka Kavimvira mpaka Kalundu!

Wakubwa hawachoki kutuambia: "Nyinyi ndio kesho ya Kongo." Sawa. Hiyo kesho itatumika na nini? Leo kijana anaweza kukaa hapa kando ya Tanganyika, akatafsiri, akachora, akaandika programu kwa mteja wa Kinshasa, Nairobi ao Brussels. Mayele iko. Kazi iko. Umeme ndio unakatika, na mega zinakula franga zote mbele kazi ilipwe.

Wasituambie pesa haiko. Toka Septemba 2020 mpaka mwanzo wa 2022, mwenye simu ya intaneti alikatwa mpaka dola 7 kwa mwaka kwa jina la RAM. Raia walipiga kelele, kodi ikaondolewa. Ile iliyokwisha kukatwa ilijenga nini hapa kwetu? Watuonyeshe.

Tena, sheria ya 25 Novemba 2020 imeweka mfuko, FDSU, wa kufikisha simu na intaneti kwa watu walioachwa nyuma. Sisi ndio hao.

Kule Kinshasa, penye kiwanda cha zamani cha nguo, Utexafrica, leo kuko Silikin Village, vijana wanatumikia ndani. Huku kwetu kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimama 1996, na kizazi kizima kimekomaa kikiangalia kuta.

Wengine watasema: kwanza usalama. Ndiyo, kwanza usalama! Lakini mwenye bunduki anamwita nani wa kwanza? Kijana aliyekaa bure. Kazi nayo ni ulinzi.

Kwa hiyo tunadai:

1. FDSU itangaze hesabu yake, mji kwa mji.

2. Uvira ipate nyumba ya kazi ya watu wote, yenye sola na intaneti ya nguvu, iongozwe na vijana, wasichana na wavulana. Hatutaki nyumba ya kufunguliwa siku ya picha, kisha ufunguo unalala mfukoni mwa mkubwa.

3. Intaneti isikatwe tena kama 31 Desemba 2018, nchi ikakaa karibu siku 20 gizani. Mteja hangoji siku 20.

Wandugu, mkikutana na mbunge wenu, muulizeni swali moja tu: mfuko umeleta nini Uvira? Andikeni jibu lake, tarehe na pahali. Tutalisoma mbele ya watu wote.