Egzema na tumbo: soma tubu kabla ya kupaka

Ba mama, baridi ya mwezi wa sita imeingia, na vumbi la Kalebuka na Kasungami linatufuata mpaka kitandani. Mwenye egzema anajua maana yake: ngozi inakauka, inapasuka, usiku hakuna usingizi. Akiwa na mimba, kuwashwa kunaweza kuzidi, na hapo anapata mashauri mawili mabaya. Moja: "Uko na tumbo, acha dawa zote." La pili: "Nenda sokoni, kuna tubu ndogo inayomaliza kwa siku tatu."

Egzema yenyewe haimdhuru mtoto tumboni. Lakini kuiacha bila dawa ni kumtesa mama bure, na ngozi iliyokunwa mpaka damu inaingiza vijidudu.

Ile tubu ya siku tatu ndiyo inanitia woga. Tafuta neno clobetasol kwenye maandishi madogo ya pembeni. Ni kortikoidi kali sana, ile ile inayopakwa kwa kujichubua, na jirani anaweza kukugawia kwa moyo mzuri kabisa. Inatuliza kweli, tusidanganyane. Ila ukiiacha, ugonjwa unarudi na hasira. Unaongeza kupaka, toka mkono mpaka mwili mzima, na dawa inapita ngozi inaingia katika damu. Kule Dakar, Senegali, watafiti waliwachunguza wanawake wajawazito 99, wakatoa matokeo mwaka 2007. Waliokuwa wakijichubua kwa kortikoidi kali walikuwa na kondo la nyuma dogo zaidi, na mara nyingi zaidi walizaa watoto wenye kilo pungufu.

Kama umeipaka mwili mzima kwa miezi mingi, usiikate kwa siku moja: mwili unaweza kuwa umezoea kutotengeneza kortizoni yake wenyewe. Beba tubu siku ya CPN, umuonyeshe munganga, hata kama unasikia haya. Yeye ameona nyingi.

Kinachosaidia ni kazi ya kila siku, haina ajabu. Oga maji ya vuguvugu, si ya moto (najua, kwa baridi hii ni vigumu), na sabuni kidogo isiyo na manukato. Jipanguse bila kusugua, kisha paka vaselini ngozi ingali na unyevu. Rudia mchana na jioni. Ile yenye rangi na harufu ya maua waachie wengine. Panapowaka zaidi, munganga anaweza kukuandikia idrokortizoni, kortikoidi laini inayotumiwa hata wakati wa mimba. Mstari wa pomadi toka ncha ya kidole mpaka kiungo cha kwanza unatosha eneo la viganja viwili.

Mwenye psoriazisi anayekunywa metotreksati asingoje tarehe ya CPN. Dawa hiyo inaweza kutoa mimba ao kumlemaza mtoto. Aongee na munganga kabla ya kushika mimba. Na kama imekwisha kushika, aende siku ile ile.

Kuna kuwashwa kwingine ambako si kwa ngozi. Katika miezi ya mwisho, ukiwashwa viganja na nyayo, zaidi usiku, bila upele wowote, ini linaweza kuwa na shida, na hiyo ni hatari kwa mtoto. Hapo vaselini haina kazi. Kukipambazuka, nenda hospitali, uombe wapime damu.