Usiniuzie RAM ambayo Windows yangu haiwezi kutumia

Wasee wa Wang'uru, kuna mchezo tunachezwa na leo nausema.

Unapeleka laptopu ya ex-UK kwa fundi kwa sababu inajikokota. Fundi anakuambia, "Ongeza RAM." Unatoka 4GB hadi 8GB, unalipa, unarudi nyumbani. Mashine ni ile ile. Kisa? Ndani kuna Windows 10 ya biti 32, na hiyo haivuki 4GB. Hata uiwekee 16GB, ni bure.

Hii si uchawi, ni hesabu. Kila baiti ya memori inahitaji anwani yake. Biti 32 zinatoa anwani 4,294,967,296, basi. Hiyo ndiyo 4GB. Na kadi ya picha na vifaa vingine huchukua sehemu ya anwani hizo, ndiyo maana unabaki na 3GB na kitu. Sisi ni watu wa mchele, tunaelewa: stoo ya magunia manne haiwi ya manane eti kwa sababu umenunua manane.

Kuna wale watasema, "Lakini 32 ni nyepesi." Kwa mashine ya 2GB, sawa, sibishani. Lakini wewe umeniuzia 8GB! Wepesi gani huo wa kuniachia nusu? Na usisingizie uzee wa mashine. Core 2 Duo za 2006 tayari zilikuwa za biti 64, na Windows 10 Home ya biti 64 inafika 128GB. Windows 11 nayo ilitoka 2021 bila toleo la biti 32 kabisa.

Pesa tunayozungumzia ni ya mama anayeuza pishori kando ya barabara ya Embu ili mtoto afanye kazi za chuo. Si ya kuchezewa.

Kwa hivyo kabla hujatoa hata shilingi, fungua Settings, ingia System, halafu About. Ukiona Windows ni 32 lakini prosesa ni 64, usinunue RAM kwanza. Kopi faili zako pembeni, mwambie fundi aweke Windows ya 64 upya. Leseni yako ni ile ile, hununui nyingine. Akikataa kuangalia, beba mashine yako uende kwa mwingine.

Sasa angalia yako. Ni 32 ama 64?