Medali ya Mamitu na Nesi wa Kijijini



Leo nataka kukueleza habari za mama mmoja wa Ethiopia, aitwaye Mamitu Gashe. Alizaliwa kijijini na hakupelekwa shule. Aliolewa angali mdogo. Mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka kama 16, alishikwa na uchungu, mtoto akakwama. Uchungu ulichukua siku kadhaa. Mtoto alikufa. Mamitu aliokoka, lakini alibaki na fistula.

Fistula ni tundu. Mtoto akikwama njiani, kichwa chake hubana nyama zilizo kati ya kibofu na njia ya uzazi. Nyama zikibanwa muda mrefu hukosa damu, hufa, na tundu hubaki hapo. Mkojo hutoka wenyewe mchana na usiku. Si uchawi, wala si adhabu ya uzinzi.

Mamitu alipelekwa hospitali mjini Addis Ababa. Huko alitibiwa na Daktari Reginald Hamlin na mkewe, Daktari Catherine, waliotoka Australia mwaka 1959. Alipopona hakurudi kwao. Alianza kwa kutandika vitanda vya wagonjwa. Kisha akawa anawapa madaktari vifaa katika chumba cha upasuaji. Daktari Hamlin akamwonyesha kukata na kushona, kidogo kidogo, mwaka hata mwaka. Mwishowe madaktari wenye digrii walitoka nchi nyingine kuja kujifunza kwake. Mwaka 1989 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha London kiliwapa medali ya dhahabu madaktari hao wawili pamoja na Mamitu. Baadaye alijiunga na darasa la usiku ili ajue kusoma, kama wewe ulivyofanya.

Wako watu ambao wakisikia habari hii husema, "Basi shule ya nini?" Hao wamesikia nusu tu. Mamitu alikuwa na walimu pembeni yake kila siku. Mimi mganga msaidizi nina cheti, na umri wangu haujafika miaka 30, lakini kazi yenyewe naendelea kufundishwa na wakunga walionitangulia.

Medali ya Mamitu ilikuwa ya haki. Hata hivyo alipewa kwa kushona tundu lililokwisha kutokea. Je, nesi aliyezuia tundu lisitokee, nani anampa heshima?

Fikiri kidogo. Nesi wa kliniki ya mama na mtoto anampima mjamzito, anaona mtoto amelala kimshazari. Anamwambia, "Usijifungulie nyumbani, wala hapa zahanati. Nenda hospitali yenye upasuaji, ukasubiri huko kabla siku zako hazijafika." Mama anakwenda, anajifungua, anarudi na mtoto mgongoni, kanga yake kavu. Kijiji hakioni cha ajabu. Wengine wanalalamika kwamba nesi amewasumbua bure, nauli imekwenda.

Kwa maoni yangu hii si haki. Daktari mgeni akija tunampokea kwa ngoma. Nesi wetu anayeamshwa saa nane za usiku tunamkumbuka siku dawa zikiisha, ili tumlaumu. (Mimi si nesi, kwa hiyo sijiombei zawadi.)

Sisemi tumchangie ng'ombe. Kama nyumba yake inavuja, iezekwe. Kama anazalisha kwa mwanga wa simu, kijiji kitafute taa. Na katika mkutano wa kijiji tumwombe asimame atusomee: mwaka huu akina mama wangapi wamejifungua, na wangapi wamerudi nyumbani wazima na watoto wao. Kijana mwenye pikipiki aliyembeba mama usiku wa mvua, naye atajwe kwa jina, watu wampigie makofi.

Tena, ikiwa nyumbani kwako yuko mwanamke anayejificha kwa sababu ya mkojo, hata kama imepita miaka 20, usimwache akae na dawa za miti. Mlete zahanati. Tutamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ni mojawapo ya zile zinazoshona tundu hilo, na wanawake wengi wamerudi makwao wakiwa wakavu.