Mbwa wako si jaa la makombo

Mbwa akionekana asubuhi anayumbayumba, miguu ya nyuma ikikataa kumbeba, wa kwanza kulaumiwa katika mitaa ya Meru na Embu ni mwizi. Majirani husema ametupiwa nyama yenye sumu usiku ili boma libaki bila mlinzi. Wezi wa namna hiyo wapo. Lakini mara nyingine sumu hutoka jikoni mwetu, na sisi wenyewe ndio tuliomwekea mbwa katika sufuria yake.

Tuanze na makadamia. Zao hili, ambalo asili yake ni Australia, liliingia nchini katika miaka ya 1940, na leo ni tegemeo la wakulima wengi kutoka Runyenjes na Manyatta hadi Imenti. Wakati wa mavuno watoto huzipasua kwa mawe uani, na wakaazi wa mjini huletewa mfuko na jamaa wa mashambani. Kwa binadamu ni chakula bora. Kwa mbwa ni sumu. Katika muda wa saa 12 hivi hutapika, hutetemeka, joto la mwili hupanda, na miguu ya nyuma hulegea. La kushukuru ni kwamba wengi hupona baada ya siku moja au mbili.

Hatari kubwa zaidi ni mahindi yaliyoota ukungu. Desturi yetu ni kuchambua gunia lililoharibika, mazuri yakawa ya watu na mabovu yakawa ya mbwa na kuku. Mwaka wa 2004 sumu ya aflatoksini, itokanayo na ukungu huo, iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao kutoka Makueni na Kitui. Kupika hakuiondoi. Mbwa naye huathirika ini. Hukataa chakula, hunyong'onyea, ufizi na macho hugeuka manjano, na pengine huharisha damu. Hakuna dawa maalumu ya kuivunja sumu hiyo. Kwa hivyo mbwa akiwa na dalili kama hizo, lichunguze gunia kabla hujasonga ugali wa watoto jioni.

Kuna pia makombo ya mchuzi. Vitunguu, viwe vibichi au vya kukaangwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake zatosha kumdhuru, na dalili huweza kuchelewa siku kadhaa. Chokoleti na kahawa huuendesha moyo mbio. Chingamu isiyo na sukari, ikiwa imetiwa utamu wa zailitoli, huweza kuishusha sukari ya mwili wake kwa muda wa nusu saa tu.

Tufanye nini basi? Wengi wetu hukimbilia maziwa. Maziwa hayaiondoi sumu tumboni. Huturidhisha sisi tu huku wakati ukipita. Maji ya chumvi ni mabaya zaidi, kwa kuwa chumvi nyingi yenyewe ni sumu. Mafuta ya kupikia nayo huweza kuingia mapafuni. Usimtapishe mbwa kwa hiari yako, hasa aliyezirai au anayetupa miguu kwa kifafa.

Kwanza, mwondolee kilichobaki. Pili, jua amekula nini, kiasi gani na saa ngapi. Tatu, mpigie simu daktari wa mifugo mara moja, umweleze hayo pamoja na uzito wa mbwa, nawe uchukue karatasi au mabaki ya chakula uende nayo. Daktari anaweza kumtapisha kwa njia salama au kumpa mkaa wa dawa, lakini kazi hiyo hufaa zaidi katika saa mbili za kwanza. Usingoje dalili zionekane.

Maoni yangu ni kwamba serikali zetu za kaunti zina nafasi nzuri wanayoiacha ipite. Kila mara maafisa wa mifugo wanapowachanja mbwa dhidi ya kichaa cha mbwa, wenye mbwa hukusanyika mahali pamoja. Dakika kumi za kuwaeleza juu ya makadamia, vitunguu na mahindi ya ukungu hazingegharimu chochote. Madaktari wetu wengi hushinda kwa ng'ombe wa maziwa, na ni haki, maana ng'ombe ndiye alipaye karo. Lakini anayemlinda ng'ombe huyo usiku ni mbwa.

Andika leo nambari ya daktari wa mifugo aliye karibu nawe, uibandike ukutani jikoni. Na mahindi yaliyooza yafukie shimoni. Usimpe mbwa, usimpe kuku.