Mpambaji na Amana ya Mteja Wake

Jioni moja ya Jumapili nilikuwa nimeketi Mama Ngina, chini ya mmoja wa mibuyu mikongwe ya ufuoni, nikiitazama meli ya shehena ikiingia polepole katika mlango wa Kilindini. Anayeijua bustani ile, ambayo ilikarabatiwa na kuwa mahali pa sherehe za Sikukuu ya Mashujaa mnamo tarehe 20 Oktoba 2019, anajua kuwa watu hawaendi huko kwa ajili ya upepo na mihogo ya kukaanga peke yake. Huenda pia kutazama na kutazamwa. Mabuibui yaliyotariziwa, kanzu zilizopigwa pasi, macho yaliyopakwa wanja, harufu ya udi ipitayo na mwenyewe: hayo yote ni sehemu ya matembezi. Kujipamba si aibu Mombasa. Aibu ni kutoka nje ovyo.

Ndipo akanijia kijana niliyemfundisha miaka kadhaa iliyopita. Aliniamkia, akaketi, akazunguka mbuyu kwa maneno kama wafanyavyo wenye jambo zito, kisha akauliza, "Mwalimu, Kiswahili kina neno gani la kumwita mwanamume apendaye mara mojamoja kuvaa nguo za kike? Nataka neno lisilokuwa tusi."

Nakiri, msomaji mpenzi, kwamba mimi niliyeula umri wangu katika isimu nilikosa jibu. Maneno ninayoyajua nayajua vizuri mno. Lipo "shoga," ambalo wanawake huitana kwa mapenzi, lakini likimwangukia mwanamume hugeuka jiwe. Lipo "hanithi," lililotujia kutoka Uarabuni. Mwaka 1977 mtaalamu wa anthropolojia kutoka Norwe, Bi. Unni Wikan, aliandika makala kuhusu watu waitwao kwa neno hilo katika mji wa Sohar nchini Oman, ambako jamii iliwatengea nafasi yao baina ya wanaume na wanawake. Kwetu neno hilohilo limebaki kumtukana asiyekuwa na nguvu za kiume au asiyekuwa na haya. Mwaka 1987 Bi. Gill Shepherd aliandika kuhusu Mombasa yenyewe, akawaeleza mashoga ambao katika harusi za wanawake walijifunga leso, wakajipodoa na kuvaa asmini. Kwa hiyo mtu asituambie kuwa jambo hili limeletwa juzi na meli ya watalii.

Hata hivyo, maneno hayo hayakumtosha kijana wangu, na sababu yake ni ya kisemantiki kabla ya kuwa ya kimaadili. Yote yanazungumzia matamanio ya mtu au upungufu wa nguvu zake, ilhali yeye aliuliza kuhusu nguo. Kuna kuvaa, kuna kumtamani mtu wa jinsia fulani, na kuna kujitambua kuwa mwanamke ilhali cheti cha kuzaliwa kinasema vingine. Mambo matatu hayo ni mbalimbali, japo huweza kukutana katika mtu mmoja. Hilo la tatu lilifika mbele ya Mahakama Kuu ya Kenya katika kesi ya Audrey Mbugua, na mwaka 2014 mahakama ikaliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti chenye jina lake jipya na kisichokuwa na alama ya jinsia. Kijana wangu hadai hilo. Yeye ni mwanamume, na anataka kubaki mwanamume. Ila yapo masaa ambayo roho yake hutulia akiwa ndani ya dira na mtandio.

Alinisimulia kwamba kwa miaka mingi alijaribu peke yake, mlango umekomewa, kwa nguo za dada yake na rangi ya mdomo ya kuokota. Wahenga walishasema kuwa nguo ya kuazima haisitiri makalio. Nguo zilimbana mabegani na kupwaya kiunoni. Poda ilimwacha mweupe usoni na mweusi shingoni. Ndevu zilizonyolewa zilibaki kivuli cha kijivu. Kila alipojitazama kiooni aliona kichekesho, akazivua kwa hasira na kuapa kutorudia. Mwezi haukupita ila alirudia. Hatimaye, baada ya kuulizia kwa hadhari kubwa, akaenda kwa mpambaji mmoja wa Mji wa Kale. Jina la mama huyo sikuliuliza wala mtaa wake sitautaja.

Hapa naomba nisimame kidogo kwenye sarufi, maana ndiyo kazi yangu. Kiswahili hakikuridhika na kitenzi "vaa" peke yake. Kilitupa pia "vika" na "visha," na kutokana nacho "vishwa." Lugha haihifadhi umbo ambalo jamii haina haja nalo. Mtoto mchanga huvikwa. Bwana harusi huvishwa joho na kufungwa kilemba na watu wengine, ijapokuwa anayo mikono miwili. Bibi harusi husuguliwa singo, hufukizwa udi, huchorwa hina, hupambwa tangu utosini hadi unyayoni. Na sote, mwisho wa safari, tutavishwa sanda. Ukitazama vizuri utaona kuwa kila tunapovuka kizingiti kikubwa cha maisha tunahitaji mkono wa mtu mwingine. Anayeanza jambo kama la kijana yule naye yuko kizingitini. Si ajabu kwamba mikono yake mwenyewe ilimshinda.

Mama yule, kwa mujibu wa masimulizi, hakucheka wala hakushangaa. Swali lake la kwanza halikuwa "wewe ni nani?" bali lilikuwa hili: "Mwanangu, kesho unaamkia wapi?" Akamjibu kuwa Jumatatu asubuhi anaingia kazini. "Basi hina hupakwi," akasema mama, na hata aliposihiwa hakukubali. Hina hukaa mkononi wiki moja hadi tatu. Sabuni haiitoi, na kiganja cha karani hakifichiki mezani. Piko alikataa kabisa, maana ile nyeusi ya dukani aghalabu ni dawa ya nywele yenye kemikali iitwayo parafenilinidayamini, nayo huweza kuibabua ngozi na kuiachia kovu. Nyusi hakuzinyoa, alizilaza tu. Alimtaka anyoe ndevu kwa wembe mpya, apumzishe ngozi, kisha akampaka kwanza rangi ya machungwa palipokuwa na kivuli cha ndevu, kwa kuwa rangi hiyo huuzima ule ukijivu, ndipo akafuatisha poda iliyolingana na shingo yake. Alimchagulia dira pana lisilotangaza mabega, na mtandio wa kulainisha taya. Bei walipatana kabla ya kuanza. Simu zote mbili, ya mteja na ya mwenye nyumba, ziliwekwa kabatini. Picha haikupigwa hata moja. Na kabla hajatoka, mama alimpangusa uso kwa mafuta, akamkagua masikioni na kwenye vinyweleo vya shingo, akamwambia, "Sasa nenda."

Kijana akaniambia kuwa kwa mara ya kwanza alijitazama kiooni na hakuona kichekesho. Alimwona mtu aliyepambwa na fundi, basi. Na jambo la ajabu, alisema, ni kuwa ile hamu iliyokuwa ikimkaba koo ilipungua makali.

Natarajia kuwa kufikia hapa wako wasomaji waliokunja nyuso. Wataniuliza, je, mwalimu hazijui Hadithi za Mtume zinazowalaani wanaume wajifananishao na wanawake? Nazijua, na mimi si mufti wa kuzitolea fatwa. Anayeamini kuwa kitendo hicho ni dhambi ana haki kamili ya kuamini hivyo, kukiepuka, na kumnasihi mwanawe. Lakini dini hiyohiyo, katika Sura ya 49 ya Kurani, imekataza dhana mbaya, upelelezi wa aibu za watu na kusengenyana. Mji wa Kale ulijengwa juu ya msingi huo. Mtu hugonga na kubisha hodi mara tatu; asipoitikiwa hurudi alikotoka. Kinachofanyika nyuma ya mlango wa nakshi ni cha wenye mlango. Neno "stara" tumelipokea kutoka Kiarabu, tukalitia katika nguo na katika mwenendo pia: nguo humsitiri mtu, na jirani mwema naye humsitiri mtu. Mwenye kumfunua mwenziwe kwa kisingizio cha kuilinda heshima ya mji, yeye ndiye aliyeuvua mji nguo.

Wengine watakimbilia sheria. Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika vifungu vya 162 na 165, inaharamisha vitendo fulani vya kimwili, na Mahakama Kuu ilikataa kuvibatilisha vifungu hivyo tarehe 24 Mei 2019. Lakini vifungu hivyo vinahusu vitendo. Havitaji dira wala mtandio. Kwa upande mwingine Katiba ya mwaka 2010 inalinda heshima ya utu katika Ibara ya 28, na faragha katika Ibara ya 31.

La kustaajabisha zaidi ni kuwa macho yetu hayachukizwi na mwanamume aliyevaa kike pale tunapolipwa kwa kicheko. Joti wa Tanzania amejifunga kanga na kuigiza wanawake kwenye runinga kwa miaka mingi, na nyumba nzima, babu na wajukuu, huketi pamoja kumtazama. Huko Japani wanawake walipopigwa marufuku kwenye jukwaa la kabuki mwaka 1629, wanaume walizichukua nafasi zao, na sanaa hiyo ikawa fahari ya taifa. Katika Uingereza ya Shakespeare wahusika wa kike waliigizwa na wavulana. Basi tatizo letu si nguo. Mwanamume akivaa gauni ili tucheke, tunampa pesa. Akilivaa kimyakimya ili atulie, tunamtafutia mawe.

Wala sisemi mawe kwa tamathali ya usemi. Mwezi wa Februari 2010, hapo Mtwapa, uvumi tu kwamba wanaume wawili wangefunga ndoa ulitosha kuwatoa watu majumbani. Umati ulikizingira kituo cha afya kilichokuwa kikifanya utafiti wa ukimwi, na watu wakapigwa. Harusi yenyewe haikuonekana. Panapokuwa na hofu ya namna hiyo, anayeanza hujitupa mikononi mwa yeyote amwambiaye "njoo." Wapo wanaomwita mgeni chumbani kwa ahadi ya kumpamba, wakampiga picha, kisha wakamtoza pesa mwezi baada ya mwezi ili wasimpelekee mkewe au mwajiri wake. Anayetozwa hathubutu kwenda polisi. Atasemaje?

Ndiyo maana naandika. Fundi wa kweli, mwenye nyumba inayojulikana, zana safi, bei iliyopatanwa na mdomo mzito, ni kinga kwa mtu wa namna hiyo, kama alivyo daktari kwa mwenye maradhi ya siri. Tukimtisha mpambaji huyo hadi afunge mlango, hatutakuwa tumeiondoa hamu ya mtu hata mmoja. Tutakuwa tumempeleka mteja wake kwa mnyang'anyi.

Kwa wapambaji wetu nasema: kazi yenu ni amana. Mnayaona matumbo ya mabibi harusi, makovu yao na machozi yao, na mji haujawahi kuyasikia. Siri ya mtungi aijuaye kata. Yeyote mliyekubali kumpokea, mpeni amana hiyohiyo. Msiyemtaka, mkatalieni kwa upole na msimtangaze. Kwa yule anayeanza nasema: usiende mahali usipopajua kwa mwito wa usiyemjua. Uliza kwanza, patana bei, weka simu mbali, usichorwe kisichofutika, na umwambie fundi wako ukweli kuhusu kesho unakoamkia. Na kwa majirani nasema: mkiona mlango umefungwa, nanyi mmepiga hodi mara tatu, rudini.

Kijana yule bado ananidai neno. Nilimwahidi kuwa nitalitafuta katika makamusi, nami nimetafuta, sikupata lililo safi. Jua lilipozama tuliinuka, watu wakaanza kukusanya mikeka. Nikamuuliza, je, mama yule alikuwa akimwita nani muda wote ule wa kumpamba?

"Alikuwa akiniita mwanangu, Mwalimu," akanijibu.

Kwa sasa, hadi wanaleksikografia tutakapoamka, neno hilo litatosha.