Vifaa vya umeme visingoje kuungua ndipo vibadilishwe

MKOA wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ulitegemea kwa miaka mingi umeme wa jenereta za dizeli zilizofungwa Mpanda. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga anaikumbuka adha yake: jenereta ikiharibika, magunia ya wateja hulala na hasara ni yake.

Ndiyo maana ikajengwa njia ya umeme wa msongo wa kilovoti 132, yenye urefu wa kilometa 383, kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda, ili mkoa uingie katika Gridi ya Taifa. Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina uwezo wa megawati 2,115. Hoja kubwa sasa ni vyombo vinavyoufikisha umeme huo kwa mtumiaji.

Katavi ipo mwisho wa njia. Tabora nayo hulishwa kutoka Shinyanga. Kifaa kimoja chakavu kikishindwa katika kituo cha kupoza umeme kilicho nyuma, walio mbele wote hukaa gizani, hata kama vifaa vya Mpanda ni vipya.

Transfoma kubwa hutarajiwa kufanya kazi miaka 30 hadi 40. Joto, unyevu na radi huipunguzia umri. Mafuta yake huchafuka na karatasi zinazokinga nyaya zake za ndani huchakaa. Dalili hizo huonekana mapema mafuta yakipimwa. Lakini transfoma ya aina hiyo hainunuliwi dukani. Huagizwa kiwandani na inaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi kufika. Ikiungua bila ya kuwapo ya akiba, mfanyabiashara atarudi kwenye jenereta.

Hapana budi TANESCO ibadilishe vifaa kwa kufuata umri na vipimo, ikianzia vituo vya nyuma vinavyobeba mzigo wa wengi. Fedha za kazi hiyo zitengwe kila mwaka, na vifaa vya akiba viwekwe karibu, si Dar es Salaam pekee. Umeme unapozimwa kwa matengenezo, wananchi watangaziwe siku kadhaa kabla, na kazi kubwa zisiangukie msimu wa kukoboa mpunga baada ya mavuno.

Wananchi nao wana wajibu. Moto wa kusafishia mashamba usiwashwe chini ya njia za umeme, na wanaoiba mafuta ya transfoma vijijini wafichuliwe, kwani hasara huishia kwa jirani zao.

Kuzimiwa umeme siku moja kwa taarifa kunavumilika. Kukaa gizani kwa miezi hakuvumiliki. Mkulima hukagua jembe lake kiangazi. Hangoji livunjike shambani mvua zikiwa zimeanza.