Utafiti wa Moyo Umfikie Mkulima wa Ufipa

Katika vyuo vikuu duniani, mtafiti hupimwa kwa idadi ya makala alizochapisha na mara ambazo wenzake wamezinukuu. Kipimo hicho kinawafaa wasomi, lakini hakiutoshi umma.

Mwaka 2014, Dk. Abel Makubi na wenzake walichapisha katika jarida la Heart la Uingereza utafiti uliofanyika Muhimbili, kuhusu wagonjwa 427 ambao mioyo yao ilishindwa kusukuma damu ipasavyo. Chanzo kikuu, kwa asilimia 45, kilikuwa shinikizo la damu.

Matokeo hayo yaliandikwa kwa Kiingereza. Yamhusu pia mkulima wa mahindi wa Ufipa. Shinikizo huanza kimya, bila maumivu, nalo hupimwa kwa kifaa kidogo katika zahanati. Moyo ukishachoka, kutoka Sumbawanga hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,000.

Kwa hiyo, kila utafiti uliotokana na miili ya wananchi uandikiwe muhtasari wa Kiswahili, upelekwe katika zahanati na usomwe katika mikutano ya vijiji. Kunukuliwa na wasomi ni heshima. Kumwokoa mkulima ndilo lengo.